Msasa wa Sekesai

Pietermaritzburg,
16 Februari 1997

Mpendwa dada Sekesai,

Nimeamka vyema, kama ninyi huko nyumbani mmeamka vyema. Kifua chako kinaendeleaje? Watoto hawajambo? Mke wangu Netsai nimemwandikia barua yake peke yake, mwambie asiifungue hii akidhani nimemficha jambo.

Nimefika Afrika Kusini, Chihera wangu, binti wa ukoo wetu wa Mhofu. Safari ilinichukua siku mbili, miguu ikavimba mpaka viatu vikanikataa. Kituo chenyewe cha uchongaji zamani kilikuwa ghala la sukari. Tuko wasanii saba wa ufadhili, na kila mmoja kapewa chumba chake cha kazi chenye bomba la maji humo humo ndani. Bomba, dada! Nilikukumbuka wewe na ndoo yako mkishuka kijitoni. Kuna mashine ya kukata mawe, kazi ya wiki nzima ya nyundo inaimaliza kabla ya chai ya saa nne. Nilipoiwasha mara ya kwanza niliruka nyuma, wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Chakula ni kingi, ila ugali wao ni wa punje punje, haufinyangiki mkononi. Naiota sadza, ugali wa kwetu.

Mwalimu wetu anaitwa Mama Hadebe. Sauti yake ya upole, macho yake hayana upole wowote. Sheria yake ni moja: kila kazi uifanye mwenyewe, tangu kulipasua jiwe hadi kulipaka nta. Novemba kila mmoja ataonyesha kazi tatu, na atakayeiridhisha kamati ataongezewa mwaka wa pili. Huo mwaka wa pili ndio wanafundisha kumimina shaba. Nautaka kwa roho yangu yote, dada. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nilipomtaka Netsai.

Sasa nina jambo dogo, na usicheke. Wewe ukianza kusugua, unaanza na msasa namba ngapi?

Ni mimi mdogo wako,
Gondai


Mvurwi,
9 Machi 1997

Mhofu, mdogo wangu,

Nimeamka kama umeamka. Kifua kimetulia tangu mvua zipungue. Watoto wako wazima, mdogo kaota jino na analijaribia kwenye kidole changu.

Nimecheka. Uliniomba nisicheke, nimecheka, na nimemsomea Netsai naye kacheka. Miaka tisa nimekusugulia mawe yako, Gondai. Miaka tisa ukiiona tu ndoo ya maji inakuja, unakumbuka kuna mtu wa kumwona dukani. Leo umevuka mpaka ndipo unauliza namba!

Haya, sikiliza. Anza na sitini. Kisha themanini, mia na ishirini, mia mbili ishirini, mia nne, mia sita, umalize na elfu. Usiruke namba. Utatamani kuruka, maana ukifika mia mbili mkono unauma na jiwe unaliona zuri. Usiruke. Maji yawe mengi, kitambaa cha msasa kizame kabisa. Na jiwe lililolowa halina ukweli, kila jiwe likilowa linapendeza. Liache likauke juani, uligeuze, ndipo utaiona mikwaruzo yote uliyodhani umeimaliza.

Ya huku ni haya. Wachongaji wenzako wananiletea mawe yao, sikosi kazi. Mawili uliyoyaacha nusu nimeyafunika gunia. Lile jeusi la nyuma ya banda, ulilolikataa kwa sababu ya ganda lake nene la kahawia, kuku wamelifanya kiti chao.

Jingine la kukuchekesha. Nilikwenda ofisi ya wilaya kuomba kitambulisho kipya, kile cha bati kilipotea wakati ule wa msiba wa mume wangu. Karani kanishika kidole gumba, kakibonyeza kwenye wino, kakikandamiza kwenye karatasi. Doa jeusi tupu. Akarudia mara tatu, akajaribu na vingine. Doa, doa, doa. Akaniambia, "Mama, wewe huna alama. Umezifanya nini?" Nikamwambia nimezisugulia mawe ya mdogo wangu. Ofisi nzima ikacheka. Nikarudi bila kitambulisho.

Kula, hata kama ni punje punje.

Dada yako,
Sekesai


Pietermaritzburg,
20 Aprili 1997

Dada yangu mpendwa,

Nipo mzima kama nawe u mzima. Mpe mtoto pole ya jino.

Nilifuata namba zako zote. Nasema uongo. Niliruka ya mia nne. Jiwe la kwanza likatoka kijivu, limefifia kama majivu ya juzi. La pili nikalisugua siku nne, sikuruka, kisha nikalipasha moto upande mmoja tu ili nta iingie, likalia "ta!" likapasuka kutoka sikioni hadi kidevuni. Nilikaa sakafuni nikalitazama. Mama Hadebe alipita, akatazama na yeye, akasema, "Aliyesugua yale ya kwenye picha alikuwa na subira kuliko wewe." Nilicheka ovyo.

Na hapo ndipo pana habari njema. Unazikumbuka zile picha sita tulizotuma pamoja na maombi? Wiki iliyopita Mama Hadebe aliziweka ukutani, moja moja. Alipofika kwenye ile ya sanamu ya Mama Anayesikiliza alisimama muda mrefu. Akasema kamati ilinichagua kwa picha ile. Akawaonyesha wenzangu bega la kushoto, lile lililobaki na ganda la jiwe, na jinsi mng'ao unavyokwisha pole pole shingoni kabla ya kulifikia. Akaniuliza mbele ya watu wote uamuzi ule niliufikiaje. Nikasema jiwe lenyewe ndilo lililonielekeza. Wakapiga makofi.

Naona atauliza tena, maana anataka niijenge kazi ya Novemba juu ya wazo lile lile. Dada, hebu nikumbushe, kwa nini tuliliacha lile bega? Niwe na la kusema.

Na jiwe unalipashaje moto lisipasuke?

Mdogo wako,
Gondai


Mvurwi,
11 Mei 1997

Gondai,

Nimeamka. Watoto wazima. Netsai mzima.

Tuliliacha? Sisi?

Wewe ulitaka jiwe lote ling'ae kama sufuria ya harusi. Uliniambia mnunuzi hataki jiwe lenye uchafu. Nikakataa. Ukasema wanawake wa ukoo wetu ubishi tumenyonya, ukaondoka, ukarudi jioni umelewa, jiwe limekwisha pakwa nta. Siku tatu hukunisemesha. Alipokuja yule mpiga picha ndipo ulipoanza kulipenda.

Sababu hukuniuliza wakati ule, na mimi sikukwambia kwa kuwa ungenicheka. Sasa nitakwambia, ili uwe na la kusema.

Mume wangu, Baba Tambu, alikuwa na wiki sita kaburini. Unakumbuka wanawake walivyokuja kukaa nami. Mmoja, simjui hata jina, alinifunika blanketi yake begani na akaondoka bila kuirudia. Niliikalia ile blanketi siku zote za matanga, hata jua likiwaka. Nilipolichukua jiwe lako kijitoni nikaanza kulisugua, nikafika begani, nikaona ganda lile la kahawia limemlalia huyu mama hivyo hivyo. Mkono wangu ukagoma. Sikuweza kumvua. Basi.

Sasa unajua. Kamwambie mwalimu wako ni jiwe lililokuelekeza.

Kupasha moto utajifunza mwenyewe.

Sekesai


Pietermaritzburg,
8 Juni 1997

Dada,

Nipo kama mpo. Baridi imeingia na maji ya bomba yanauma vidole. Nimewaza jinsi kijito chenu kilivyo asubuhi mwezi huu.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja. Nitasema tu kwamba siku ile ya matanga mimi nilikuwepo, na blanketi ile niliiona, na sikuwahi kujiuliza ilitoka wapi.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Gondai


Pietermaritzburg,
27 Julai 1997

Dada Sekesai,

Hii ni ya tatu tangu barua yako ya Mei, sijui kama zile mbili zilifika. Natumaini mmeamka vyema. Netsai ananiambia huumwi, unasugua tu na huongei sana. Kwa hiyo najua ni mimi.

Nataka nikupe habari kama zilivyotokea, usizisikie kwa mwingine.

Tangu Mei nimekuwa nikisugua kila siku. Namba zote, maji mengi, juani, nageuza, naanza upya. Sasa natoa jiwe jeusi linaloonyesha uso wa mtu. Mwanzo wa mwezi huu tuliitwa ofisini kutia alama za vidole kwa ajili ya vibali vyetu. Mimi nilipobonyeza, gumba langu likatoka nusu. Katikati palikuwa peupe, hakuna mistari, pembeni tu ndipo ilipobaki kidogo. Karani akasema kazi ya mawe hiyo, itarudi nikipumzika. Wenzangu wakatania. Mimi nilikiangalia kile kidole, dada, nikakificha mfukoni. Miezi michache tu ya kusugua! Nikakumbuka yule karani wa wilaya na doa lako, na jinsi nilivyoisoma habari ile hapa nikacheka peke yangu, nikaendelea kula.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Hadebe. Nikamwambia bega si langu. Nikamwambia pia kwamba katika picha zote sita mimi nilichonga, na hakuna hata moja niliyoisugua, na fomu ilipouliza kama kazi yote ni ya mikono yangu, niliandika ndiyo. Nilimsimulia habari ya blanketi. Unisamehe kama hukutaka isemwe.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Anaitwa nani?" Nikamtajia. Akaniomba nimwandikie jina lako kwenye karatasi, akalisoma kwa sauti. Akasema inabidi aiambie kamati, na kwamba kamati si yeye.

Basi mwaka wa pili uko mashakani. Naogopa, sitakuficha. Usiku silali vizuri. Lakini lile la kunyamaza lilikuwa linaniuma zaidi.

Mdogo wako anayekuomba radhi,
Gondai


Mvurwi,
24 Agosti 1997

Mhofu, mtoto wa mama yangu,

Nimeamka kama umeamka. Barua zote tatu zilifika.

Nani alikutuma? Niliposoma nilipiga kelele mpaka Netsai akatoka jikoni na mwiko. Mimi nilikasirika, kweli, nilitaka ujue. Wewe kujua ndiko nilikotaka. Sikusema ukajichongee kwa wakubwa! Una mke, una watoto watatu, una nafasi ambayo watu wa hapa hawajaiona hata ndotoni, unaitupa kwa ajili ya bega la jiwe. Netsai kaninunia siku mbili, na nimemwelewa.

Halafu jioni nikaisoma tena, pale aliposema "Anaitwa nani?" Nikaisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Miaka tisa wanunuzi wanakuja hapa na magari yao, wananiruka nilipochuchumaa na ndoo, wanauliza, "Msanii yuko wapi?" Nami nawanyooshea kidole upande wa dukani. Sikujua kwamba nilikuwa nangoja mtu aulize lingine. Nimelia kidogo. Usimwambie mtu.

Na nisamehe ukimya. Kwanza ilikuwa hasira. Hasira ilipokwisha nikaona haya, siku zimepita nyingi, nitaanzia wapi. Hivyo tu.

Sasa andika. Kupasha moto: usiweke moto upande mmoja. Lizungushie makaa kwa mbali kwanza, lipate joto pole pole kama mtu anayetoka baridini. Lidondoshee tone la maji. Tone likikimbia, paka nta. Likikaa, ngoja.

Dada yako,
Sekesai


Pietermaritzburg,
5 Oktoba 1997

Dada mpendwa,

Nipo mzima, natumaini nanyi. Mwambie Netsai barua yake iko njiani na ni ndefu.

Kamati imekaa. Mwaka wa pili sikupewa. Wamesema kazi zangu za sasa ni nzuri na wataniruhusu nizionyeshe Novemba, lakini nilitia saini jambo lisilo kweli na hawawezi kulifumbia macho. Hawakunitukana. Mwenyekiti hata alinipa mkono. Nilitoka nikatembea mpaka kituo cha treni na kurudi. Imeniuma, dada. Karakana ya shaba iko mlango wa pili kutoka changu, nasikia moto wake unavyonguruma, na sitaingia.

Ila kuna jambo, na ukilikataa nitajua kweli ubishi mlinyonya. Mama Hadebe anasema maombi ya mwaka ujao yako wazi mpaka mwisho wa Desemba. Anataka uombe wewe. Fomu nimeiweka humu. Inataka picha za jiwe moja ulilolifanya wewe mwenyewe, kuanzia kuchonga. Na inataka namba ya pasipoti.

Najua unavyofikiri: pasipoti inataka kitambulisho, na kitambulisho kinataka vidole. Karani wa huku alisema alama zinarudi ukipumzika kusugua, labda wiki sita, labda nane. Pumzika, dada. Wachongaji wengine wasugue mawe yao wenyewe, wajionee.

Nakuja tarehe kumi na tano Desemba.

Mdogo wako,
Gondai


Mvurwi,
7 Desemba 1997

Mhofu wangu,

Nimeamka vyema sana, kama nawe umeamka vyema. Mvua imeanza, mahindi yamefika kifundoni. Mtoto anatembea, akianguka anaangalia kwanza kama kuna anayemtazama, ndipo alie. Ni wewe mtupu. Natumaini barua hii itakukuta kabla hujapanda basi.

Fomu yako niliiweka chini ya godoro siku nne. Nilijiambia mwanamke wa miaka arobaini na moja anaanzaje shule. Netsai ndiye aliyeitoa. Akaiweka juu ya meza, akaweka na kalamu, akaniambia, "Wifi yako mimi nimekosa mwaka wa pili wa mume wangu. Huo mwaka lazima uingie nyumba hii, ama kwa mlango wako ama kwa wake. Chagua." Basi nikaijaza, karibu yote.

Nimeacha kusugua tangu siku hiyo. Wachongaji wamekasirika. Mzee Chaparadza alileta sanamu yake ya kiboko, nikamwonyesha msasa na ndoo, akasema yeye hana mgongo wa kazi hiyo. Nikamwambia na mimi mgongo huu niliununua wapi? Kaondoka na kiboko wake akiwa kijivu.

Mikono haikuzoea kukaa. Wiki ya kwanza niliosha kila sufuria ya nyumba hii mara mbili, mpaka Netsai akanifukuza, kwamba huko nako ni kusugua. Ndipo nikawafukuza kuku juu ya lile jiwe lako la nyuma ya banda. Nyundo na patasi zinauma kiganja, ncha za vidole haziziumi. Nilikosea kipande cha kwanza, kikaruka chote. Nikakaa chini kama ulivyokaa wewe. Kisha nikaendelea na kilichobaki, na naona kilichobaki ndicho kilichotakiwa.

Ni mwanamke amechuchumaa, kainama juu ya kitu kilicho magotini pake. Kitu chenyewe sijakichonga kikaeleweka, nimekiacha duara. Ganda lile nene ulilolikataa limeangukia mikononi mwake, limeifunika mpaka vifundoni.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya wilaya. Karani ni yule yule. Akaniambia, "Mama wa doa umerudi." Kanishika gumba, wino, karatasi. Akainama kutazama, kisha akaniita na mimi niinamie. Mistari, Gondai. Myembamba, imepinda pinda, imekatika mahali pawili, lakini ipo. Sikujua kwamba yangu inazunguka kwenda kulia. Kitambulisho nitakifuata wiki ijayo. Hapa chini ya barua nimekubonyezea, ili nawe uone.

Fomu ina nafasi ya jina moja la msanii. Nimeandika langu. Chini yake, palipokuwa peupe, nimeandika: aliyesugua ni Gondai, mdogo wangu. Kama kamati haitaki hivyo, iniambie mapema nisijisumbue na safari.

Nimeandika hivyo kwa sababu jiwe halijasuguliwa bado, na mimi siwezi kuligusa hadi pasipoti itoke, maana nayo inataka vidole. Nimelifunika gunia, linakungoja. Msasa nimekununulia wote, ndoo iko pale pale, na kijito kina maji mengi. Anza na sitini. Usiruke namba. Dukani usiende.

Msugue uso, mgongo, magoti, na hilo duara ling'ae kuliko vyote. Mikono yake usiiguse. Iache kama ilivyo.

Dada yako,
Sekesai